Jozi Mbili kwa Siku

Mtaani kwao walimwita Mama Ndala. Alitengeneza ndala za ngozi, na kwenye mikanda yake alishona maua na ndege wa shanga. Kazi yake ilikuwa safi. Mtu akizivaa, alisimamishwa njiani na kuulizwa, "Hizi umezipata wapi?"

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na meza, kiti chenye mto, na mikebe ya shanga iliyopangwa dirishani. Chumba kizima kilinuka gundi. Pembeni kulikuwa na beseni kubwa limejaa ndala za mguu wa kushoto. Za kushoto tu.

Ilikuwa hivi. Mama Ndala alipenda kubuni. Ua jipya likimjia kichwani, alikaa kitako akashona ndala ya kushoto kwa raha zote. Hata chai ilipoa mezani. Ilipofika zamu ya ndala ya kulia, raha iliisha. Ua alishalijua. Kulirudia kulimchosha kama kuosha vyombo vya wageni. Basi aliiweka kando mpaka kesho, na kesho ikaja na ua jingine.

"Mke wangu," mumewe alimuuliza Jumatatu moja asubuhi, huku akifunga mkoba wake wa spana. "Hawa wa kulia wamehama, au wameomba talaka?"

"Watakuja. Hamu haijanijia tu."

Mumewe alikuwa fundi bomba. Akatikisa kichwa. "Hamu yako ni kama maji ya mtaa huu. Yakija, yanafurika. Yakikatika, tunashika ndoo."

Hakukosea. Hamu ikija, Mama Ndala alishona mpaka mgongo unakakamaa. Baada ya hapo alilala siku nyingi, hataki hata kuiona sindano. Watu walikuja wakabisha hodi, wakakuta mlango umefungwa.

Mumewe alikuwa bado mlangoni wifi wa Mama Ndala alipoingia. Wifi huyu aliuza katika duka kubwa la viatu na mikoba karibu na kituo cha basi. Ni yeye aliyemwomba mwenye duka ampe Mama Ndala rafu moja ya kuuzia ndala zake. Siku hiyo hakukaa hata kwenye kiti.

"Wifi, mambo yameharibika," alisema. "Bosi amekasirika. Wateja wanauliza ndala, rafu ni tupu. Mwezi uliopita ulileta mzigo mpaka tukakosa pa kuuweka. Mwezi huu hujaleta hata moja."

"Nilikuwa nimechoka."

"Mweleze yeye, si mimi. Kuna mtu wa vikapu anaitaka ile rafu. Usipoijaza ifikapo Ijumaa, anapewa yeye. Na mimi niliyekutetea nitaficha wapi uso wangu?"

Mama Ndala alilitazama beseni la ndala za kushoto. Bila rafu ile hakuwa na pa kuuzia. Angerudi kwenye kazi yake ya zamani, katika kiwanda cha kufulia nguo mjini. Kule alishinda kwenye mvuke na dawa ya kung'arisha nguo. Kifua kilimbana, alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari alimwambia atoke, naye akatoka. Kurudi kule ilikuwa kama kurudi kuumwa kwa hiari.

"Nitaijaza," alisema.

"Ifikapo Ijumaa?"

"Nimesema nitaijaza, wifi."

Akalimwaga lile beseni sakafuni. Akaanza kushona za kulia, moja baada ya nyingine. Hakuinuka kunyoosha mgongo. Mumewe alimletea chakula, akakikuta baadaye kimekauka kwenye sahani. Jumanne shanga za bluu ziliisha, akatia za kijani. Uzi mwembamba ulipokwisha, akatumia mnene. Jumatano kidole gumba kilianza kufa ganzi. Akakipulizia, akaendelea.

"Pumzika hata kidogo," mumewe alimsihi.

"Nikipumzika, unanirudisha kule kiwandani. Ndicho unachotaka?"

Mumewe aliiondoa sahani ya chakula. Neno lile lilimchoma, na Mama Ndala aliliona, lakini hakuwa na nafasi ya kuomba radhi. Alivuta uzi.

Alhamisi asubuhi wifi alipitia kuangalia kazi. Aliokota ndala mbili, akaziweka kwenye kiganja. Ua la kushoto lilikuwa na petali tano. La kulia lilikuwa na nne, na rangi yake nyingine. Mkanda mmoja ulikaza, mwingine ulilegea.

"Wifi," alisema polepole, "hawa wawili hawajuani."

Akaokota jozi nyingine, kisha nyingine. Zote zilikuwa vilevile. Mama Ndala alinyoosha mkono amnyang'anye. Vidole vilikataa kukunjika. Ndala ikaanguka. Alijaribu kuokota sindano mezani, nayo akashindwa kuihisi.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa hofu na kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Wifi aliiokota ile ndala iliyoanguka.

Sauti ya kilio ilimfikia jirani. Alikuwa mama wa makamo aliyeoka mikate nyumba ya pili, na watu walimwita Mama Mikate. Aliingia na unga bado uko kwenye nyusi. Aliuona ule mkono, akaushika na kuugeuzageuza.

"Umevimba huu. Unahisi nikikubana hapa?"

"Kidogo tu."

"Basi leo hushoni. Unakwenda zahanati wakaucheki. Ganzi ya mkono si kitu cha kufanyia mzaha, mdogo wangu. Mkono ndio mtaji wako."

"Na kesho ni Ijumaa, Mama Mikate."

"Kesho itafika ukiwa na mkono au bila mkono. Kaa hapa unisikilize."

Mama Ndala akakaa. Mama Mikate akavuta kigoda.

"Unadhani mimi kila siku naamka na hamu ya kuoka? Siku nyingine nikiuona unga natamani kuutupa nje. Nilipoanza nilikuwa kama wewe. Leo naoka mikate ya mtaa mzima, kesho nimelala hoi, tanuri baridi. Wateja wakaondoka. Mteja akija mara mbili akakuta umefunga, mara ya tatu haji. Wala hakuchukii. Amekusahau tu."

"Ukafanyaje?"

"Nilipunguza."

"Ulipunguza, halafu ukapata zaidi?" wifi aliuliza kwa mashaka.

"Nilipunguza nikawa napatikana kila siku. Sasa nijibu, Mama Ndala. Usinitajie jozi ngapi unashona siku ya hamu. Nitajie siku mbaya. Kichwa kinauma, maji hakuna, na mume amekuudhi. Unaweza ngapi, tena nzuri?"

Mama Ndala alifikiri. "Mbili."

"Basi kazi yako ni jozi mbili. Siku mbaya mbili, siku nzuri mbili."

"Hata nikiwa na hamu?"

"Hasa ukiwa na hamu. Ukifika mbili, funika mikebe. Hiyo hamu iliyobaki ndiyo itakayokuamsha kesho."

"Na maua yangu mapya? Nisipobuni nitakufa."

"Hufi. Yape siku yake. Mimi mikate mipya naijaribu Jumatano, siku nyingine sijaribu kitu. Na jingine. Kushoto na kulia zishonwe meza moja, siku moja, uzi mmoja. Kabla hujaanza, gawa shanga za miguu yote miwili kwenye visahani viwili. Zikipungua, utajua kabla ya kuharibu. Kila ukimaliza mkanda, inuka, nyoosha vidole. Na siku moja katika wiki, sindano usiiguse kabisa."

"Na bosi nitamwambia nini?"

"Ukweli," alisema Mama Mikate. "Mpelekee zilizo nzuri, hata kama ni chache."

Kule zahanati muuguzi alimpa kitambaa cha kufunga kifundo cha mkono. Akamwambia aupumzishe mkono siku chache, na ganzi isipoisha arudi upesi. Jioni, yeye na mumewe walipekua rundo lote. Walipata jozi nne tu zinazofaa. Nne, baada ya mateso yote yale.

"Nisamehe kwa lile neno," alimwambia mumewe.

"Nimeshasamehe. Kesho nakusindikiza."

Ijumaa walitoka pamoja asubuhi. Dukani, mtu wa vikapu alikuwa ameshafika, vikapu vyake vimekaa miguuni. Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani, alizitazama zile jozi nne.

"Ndiyo rafu nzima hii?"

"Nilishona rafu nzima, mama. Nyingi hazifai. Sikutaka mteja wako azivae." Alimwonyesha mkono uliofungwa. "Wiki ijayo nitaleta nne, mkono bado unauma. Ukipona, nitaleta nane kila Ijumaa. Sitazidisha."

"Ahadi zako nimezila mpaka nimeshiba."

Wifi alitazama sakafu. Mume wa Mama Ndala alikohoa. Mama Ndala alisimama palepale, ingawa miguu ilitaka kukimbia.

Mwenye duka aliigeuza ndala moja, akaikagua mshono kwa mshono. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia fundi huyu akiahidi kidogo.

"Rafu anachukua mtu wa vikapu," alisema hatimaye. "Wewe utakaa kule chini, karibu na mafagio. Ijumaa moja ikipita sijakuona, usirudi tena."

Haukuwa ushindi wa kupigiwa vigelegele, lakini Mama Ndala alipumua.

Kazi ngumu ilianza hapo. Asubuhi mumewe alichukua zamu ya jikoni, ili mkewe akae mezani saa zilezile kila siku. Alishona Jumamosi, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Jumatano ilikuwa ya kubuni. Ijumaa alipeleka mzigo, na Jumapili alipumzika. Kwenye karatasi ilionekana rahisi. Jumatatu moja ndege mpya alimjia kichwani, mzuri ajabu, na vidole vikaanza kumwasha. Alimchora haraka nyuma ya boksi la gundi, akamwambia asubiri Jumatano. Alikasirika siku nzima. Alhamisi nyingine mvua ilinyesha, chumba kikawa giza na kichwa kikamgonga. Alihamia dirishani, akashona jozi mbili huku akinung'unika peke yake. Zilikuwa sawasawa na za siku za jua. Hilo lilimshangaza kuliko yote.

Ganzi ilikwisha. Kila Ijumaa alikuwepo pale karibu na mafagio. Mwenye duka hakusema kitu. Alihesabu tu nane, akaendelea na shughuli zake. Mama Ndala hakujua kama anakubalika au anavumiliwa, na jambo hilo lilimnyima raha.

Kisha ikaja Ijumaa moja akawakuta wanawake watatu wamesimama kwenye ile kona ya mafagio. Mmoja alimweleza, "Jirani yangu aliniambia zinaletwa Ijumaa, nikaona niwahi." Kabla hajajibu, mwanamke aliyevaa suti aliwapita wote. Alikuwa meneja wa hoteli.

"Wewe ndiye fundi? Nataka jozi arobaini kwa wafanyakazi wangu. Nazitaka Jumatatu."

Wifi alibaki na bili mkononi. Jozi arobaini zilikuwa kazi ya zaidi ya mwezi, na mdomo wa Mama Ndala ulikuwa tayari umefunguka kusema ndiyo. Ndiyo ile ya zamani. Aliuona mkono wake, akaufunga mdomo.

"Jumatatu siwezi," alisema. "Naweza kukupa jozi nne kila Ijumaa. Nyingine nne ni za wateja wa hapa."

"Nne nne mpaka nizeeke? Nitatafuta fundi mwingine."

Meneja aligeuka kuondoka. Mama Ndala alijua kwamba kazi ile ingebadilisha maisha yao, na ilikuwa inatoka mlangoni. Alitamani kumkimbilia. Hakumkimbilia.

"Mama, subiri," sauti ilisema kutoka kwenye kaunta. Mwenye duka alikuwa amevua miwani. "Mafundi wa kukuahidi Jumatatu wako wengi, nitakuelekeza kwao hata sasa hivi. Jumatatu utakuwa unawapigia simu. Huyu akisema Ijumaa, ni Ijumaa."

Meneja alisimama. Akaitazama ile kona, akawatazama wale wanawake waliokuwa wakingoja.

"Basi nianze na watu wa mapokezi," alisema. "Wiki ijayo nne."

"Wiki ijayo nne," Mama Ndala alijibu.

Mwanamke aliyekula ahadi zake mpaka akashiba, leo amemdhamini mbele za watu. Aliinama apange mzigo wake ili machozi yake yasionekane, na mwenye duka, bila kumtazama, akaanza kuhesabu mpaka nane kama kawaida.