Beji ya Raheli

Manase alimkanyaga Raheli stendi ya mabasi Singida, dumu la mafuta ya alizeti begani, na mafuta yakamchuruzikia binti wa watu kwenye viatu vyeupe. Alitukanwa kabla hajaomba radhi.

"Dada, ukinuna unapendeza hivi, ukicheka itakuwaje?"

Raheli alijikaza asicheke, akashindwa. Wakapendana mwaka mzima.

Raheli alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Kifuani alibana beji yenye kipande cha filamu ndani ya karatasi nyeusi. Kila mwezi ilipelekwa kuoshwa na kusomwa: ikiwa nyeusi zaidi, mionzi iliyompata ni mingi zaidi. Manase alielezwa hayo mara mbili, lakini alichosikia ni "usiguse" tu.

"Mbona unailinda kuliko mimi?"

"Yenyewe hainiulizi maswali, mpenzi."

Mchana mmoja, mgahawani hospitalini, Raheli alitundika kitini koti lenye beji akaenda kunawa. Manase akaifungua beji na kuikunjua ile karatasi, akitafuta picha ya mwanaume. Hakuona sura ya mtu. Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akaagiza soda.

Majibu yalipokuja, filamu ilikuwa nyeusi tii. Iliingia mwanga; mtu aliifungua. Mganga mkuu akamtoa Raheli chumba cha eksirei.

"Unachezea vipimo. Ijumaa ujieleze, la sivyo kazi huna."

Raheli akapiga simu. "Manase, Ijumaa naitwa kujieleza. Nani kafungua beji yangu?"

"Nilidhani umeficha picha ya mtu."

"Ya nani?"

"Sijui. Mwanaume tu."

"Mama kauza ng'ombe kwetu Iguguno nisomee kazi hii. Wewe unaniharibia kwa mwanaume asiye na hata jina?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite hivyo." Akakata.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mjinga yule simtetei.

Ijumaa Raheli alimkuta Manase mlangoni kwa mganga mkuu, kavaa shati la kanisani. Wakaingia pamoja.

"Shikamoo daktari. Beji niliifungua mimi, kwa wivu. Yeye hakujua."

Wauguzi wawili waliokuwamo wakacheka waziwazi. Manase akabaki amesimama mpaka maneno yake yalipoandikwa na akatia sahihi. Raheli akarudishwa kazini siku hiyo hiyo.

Nje, Manase akasema, "Nataka kupeleka posa kwa mama yako."

"Nenda. Ila kabla hujataja posa, mweleze ulichonifanyia. Kwa mdomo wako, kama ulivyoeleza humo ndani."

"Akinifukuza?"

"Utarudi tena kesho yake, ueleze upya."

Akabana beji mpya kifuani, akaenda kumwita mgonjwa wa kwanza.