Majani Yamenifika Kifuani

"Majani yamenifika kifuani."

Lidia aliacha pasi juu ya blauzi yake nyeupe. Sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mwanamke mzee, na nyuma yake upepo ulikuwa ukivuma.

"Samahani, nani mwenzangu?"

"Orpha. Wewe si mjukuu wangu? Umeandika hivyo."

Simu ikakatika. Harufu ya nguo kuungua ndiyo iliyomzindua. Alipoinyanyua pasi, kola ilikuwa na doa la kahawia, na usaili wa shule ya udaktari ulikuwa kesho mchana.

Lidia alikuwa mtu wa New Jersey. Miaka miwili mfululizo shule za udaktari zilimkataa. Mwaka huu wa tatu alipeleka maombi West Virginia, jimbo la mchumba wake Harlan, na alikuwa amefikia kwa Bibi Verlie, bibi yake Harlan. Lakini shule ya jimbo huwawekea nafasi watoto wa jimbo. Mgeni akiomba, fomu humuuliza: Una uhusiano gani na jimbo letu? Asiye na jibu, faili lake hufungwa papo hapo.

Wakati ule Harlan alimwambia, "Niandike mimi. Mimi ndiye uhusiano wako."

Lidia akacheka. "Mchumba si mzizi, Harlan. Watasema leo tupo, kesho tumeachana."

Harlan hakucheka. Lidia akaandika kitu kingine, na hakumwonyesha mtu.

Sasa mlango ulifunguliwa, Harlan akaingia na sare yake ya gari la wagonjwa, mkononi mfuko wa mikate ya moto yenye soseji ndani.

"Nimekuletea miwili, najua mmoja haukutoshi. Mbona uso umekauka hivyo, mama? Umeona mzimu?"

"Kuna namba imenipigia. Mwanamke mzee, anasema majani yamemfika kifuani."

Harlan akaichukua simu. Tabasamu likamtoka.

"Acha utani. Hii ni namba ya nyumba ya Bibi Orpha, mkunga wetu. Mama aliposhikwa na uchungu wangu, hii ndiyo aliyoipiga."

"Labda namba wamempa mtu mwingine."

"Labda." Akaipiga. Wote wawili wakasikiliza: namba haitumiki. "Amekufa miaka tisa sasa, Lidia. Waya ulishang'olewa. Nyumba yenyewe imebaki dohani tu."

Kutoka jikoni Bibi Verlie akaita, "Orpha hasumbui mtu bure! Lidia mwanangu, si ulimsafishia kaburi Mei ile?"

"Nilimsafishia, bibi."

Hakumsafishia. Kila Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, ukoo wote hupanda kilimani, hufyeka, huweka maua, kisha hula chakula pale pale kwenye nyasi. Orpha hakuzaa. Kaburi lake liko peke yake, juu kabisa karibu na uzio, na Verlie ndiye aliyekuwa akimfyekea mpaka goti lilipomkatalia. Siku ile alimpa Lidia mundu, akamwomba kwa upole apande badala yake. Lidia alipanda. Akaona majani yamefika magotini, viatu vyake ni vipya, mvua inakuja. Akalipiga picha jiwe, akashuka. "Tayari, bibi." Verlie akamkatia kipande kikubwa cha pai, akakiweka kando watoto wasikinyakue.

Simu ilitetemeka juu ya meza ya kupigia pasi. Harlan ndiye aliyekuwa karibu. Ilikuwa namba ile ile, safari hii ujumbe. Akausoma kwa sauti:

"'Kila Mei hupiga magoti kaburini kwa bibi yangu, Orpha Dillon, aliyenifundisha kuwapenda wagonjwa.' Nani kaandika haya?"

Lidia aliyajua yote, neno kwa neno.

"Ni yangu," alisema. "Ni ya kwenye fomu."

"Uliwaambia Orpha ni bibi yako?"

"Walitaka mizizi! Nimekataliwa mara mbili, Harlan. Mara mbili!"

"Nilikwambia uniandike mimi."

"Niandike nini? Kwamba nina mwanaume?"

"Ndiyo! Una mwanaume, anaishi hapa, anakupenda. Si ni kweli? Ukaenda kumchagua maiti asiye wako, ukaniacha mimi niliye hai."

"Harlan, nisikilize..."

"Na hata huyo maiti hukumfyekea. Ndiyo maana analalamika." Akaiweka simu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuuma. "Kuna mstari mwingine chini. Soma mwenyewe."

Akatoka. Lidia akasoma: Njoo kabla hujaenda kwa madaktari. Leta mundu.

Bibi Verlie alikuwa amesimama mlangoni. Aliichukua blauzi, akaketi, akaanza kuifumua kola ili aigeuze, upande ulioungua ukae ndani.

"Bibi, mbona hunifukuzi?"

"Nikufukuze, halafu kesho uende kwa madaktari na kola iliyoungua?" Akapitisha uzi kwenye sindano. "Umedanganya, mwanangu. Uongo nao ni ugonjwa. Wewe unataka udaktari, basi anza kujitibu mwenyewe."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote. Magari yote ya mtaani yalikuwa meupe kwa barafu, ila kioo cha gari la Lidia kilikuwa kimekwanguliwa kikawa safi. Kwenye kiti kulikuwa na mundu, umenolewa vizuri. Lidia alimjua aliyefanya hivyo, na machozi yakamtoka.

Kilimani hakuona hatua tatu mbele yake. Majani ya kaburi la Orpha yalimfika kifuani yeye mwenyewe. Yalikuwa yamelowa, isipokuwa mbele ya jiwe. Pale yalikuwa yamelala, makavu, yenye alama mbili za mviringo, kama mtu aliyepiga magoti akangoja muda mrefu.

Lidia akapiga magoti kwenye alama zile. Zilimtosha.

Akaanza kukata. Kwaa. Kwaa. Baada ya kitambo akasikia mundu wa pili, upande wa pili wa jiwe. Yeye akikata, na mwenzake anakata. Yeye akipumzika, na mwenzake anapumzika.

"Harlan?"

Kimya. Kisha, kwaa.

"Harlan, najua umekasirika. Nilikosea. Niliona aibu kuandika kitu kidogo, nikaandika kitu kikubwa cha uongo. Lakini wewe si kitu kidogo. Leo nitawaambia ukweli hata nikikosa nafasi. Unanisikia?"

Mundu ule uliendelea, polepole, kama wa mtu aliyezoea. Lidia naye akakata mpaka viganja vikavimba malengelenge.

"Lidia!"

Sauti ilitoka chini, njiani. Harlan alikuwa akipanda anahema, mundu mwingine mkononi, makali yake makavu, hayajagusa jani.

"Nilikupitia alfajiri, nikakwangua kioo, nikaitwa kwa mgonjwa. Nimetoka huko sasa hivi nije nikusaidie... Mbona umeshamaliza?"

Ukungu ulikuwa unanyanyuka. Upande wa pili wa jiwe majani yalikuwa yamekatwa chini kabisa, yamekusanywa fungu moja nadhifu. Hapakuwa na mtu. Kwenye umande hapakuwa na nyayo.

Harlan akamshika mkono.

"Nimeongea maneno mengi pale," Lidia alinong'ona. "Nilidhani ni wewe."

"Basi niambie tena njiani. Naendesha mimi."

Msaili alikuwa Daktari Sayre, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi. Fomu ilikuwa wazi mbele yake.

"Niambie habari za bibi yako Orpha."

"Daktari, Orpha Dillon si bibi yangu. Nilidanganya."

Mama yule akavua miwani. "Najua. Mimi natoka bonde lile lile, na Orpha hakuwa na mjukuu. Nilitaka nikuone kwa macho yangu. Mikono yako imefanya nini?"

"Nimemfyekea kaburi asubuhi hii."

"Peke yako?"

Lidia alitazama malengelenge yake. "Sijui, daktari."

Daktari Sayre naye aliyatazama. "Ndivyo alivyokuwa Orpha," alisema. "Hakuwahi kumwacha mwanamke afanye kazi peke yake." Akaifunga fomu. "Mwaka huu nafasi hupati."

"Nimeelewa."

"Huna uhusiano mwingine wowote na jimbo letu?"

"Nina mwanaume. Yupo nje, kwenye gari."

"Hilo ndilo ungeandika, mwanangu."

Lidia hakurudi New Jersey. Alipata kazi ya kuwahudumia wagonjwa katika zahanati ya bondeni. Mwaka mmoja wa kuishi jimboni ukitimia, fomu haitamwita mgeni tena, na ile nafasi ataiomba kwa jina lake na kwa ukweli wake.

Harusi ilikuwa Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, kilimani, baada ya kufyeka. Lidia alianza na kaburi la karibu na uzio, akiwa amevaa viatu vya zamani. Meza zilikuwa zimejaa kuku, maharage na pai, watoto wanakimbizana, simu ilipolia kwenye mkoba wa Bibi Verlie. Ilikuwa ya Lidia. Harlan aliiona namba ile ya Orpha, rangi ikamtoka.

"Usipokee."

Lidia akapokea. Hapakuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na mundu tu, karibu kabisa na sikio. Kwaa. Kwaa.

Akatazama kule juu, kaburi lililofyekwa, maua yakitikisika pasipo upepo.

"Tumeshamaliza, bibi," alisema taratibu. "Weka mundu chini. Njoo ule."

Mundu ukanyamaza.

Bibi Verlie hakuuliza ni nani. Alishika kisu, akakata kipande kikubwa cha pai, akakiweka kando watoto wasikinyakue.