Jiko Dogo, Bomba Refu

Mtaani walimwita Bibi Kwanini, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa na miaka sitini na minane, lakini hakuweza kupita penye mtaro unaochimbwa bila kusimama na kuuliza unaelekea wapi. Daktari wa meno aliwahi kukiri kwamba hajapata kuona mgonjwa mwingine anayeuliza maswali huku ameachama.

Aliishi na mwanawe, fundi seremala, na mkwewe, mshonaji wa nguo. Nyumba yao ya mbao ilikuwa ndogo. Kati ya vyumba viwili vya kulala, kila kimoja kilitosha kitanda na mtu mmoja kusimama. Maisha yote yalikuwa katika chumba cha mbele. Hapo walikula, walipokea wageni, na mshonaji aliweka cherehani yake karibu na dirisha. Mji wao ulikuwa mlimani. Kwa miezi minne ya mwaka, baridi iliwatafuta mpaka ndani ya soksi.

Walikuwa wakipika kwa kuni kwenye kibanda cha nje. Mwaka mmoja upepo ukakibeba kibanda, paa na kuta. Mshonaji alikuwa na ujauzito wa miezi sita.

"Tutafute jiko la ndani," alisema seremala. "Litupikie na litupe joto. Niachieni mimi."

Jumamosi alirudi na wanaume wanne, na kila mmoja wao alikuwa anahema. Walikuwa wamebeba jiko la chuma lenye ukubwa wa sanduku la nguo. Bweni moja la shule lilikuwa limefungwa, na vitu vyake viligawiwa.

"Hili lilipikia wanafunzi mia," alisema seremala kwa fahari.

"Sisi ni watatu," alisema mama yake.

"Tutakuwa wanne, mama."

"Hao wengine tisini na sita watakuja lini?"

Mshonaji alicheka mpaka akashika kiuno. Seremala naye alicheka kidogo, kisha akaanza kazi. Hakuwa na bomba la moshi, basi akachukua bomba la bati lililokuwa likishusha maji ya mvua. Lilikuwa jembamba kuliko mdomo wa jiko, kwa hiyo akaubana mdomo kwa kipande cha bati. Bomba likapanda kidogo, likapinda, likatoboa ukuta wa mbao, likapinda tena huko nje. Mwisho wake uliishia chini ya ukingo wa paa.

Walipowasha mara ya kwanza, chumba kilipata joto hadi dirisha likatoka jasho. Baada ya nusu saa hakuna aliyeweza kukaa ndani. Seremala akafunga kimlango kidogo cha hewa kilichokuwa chini ya jiko ili moto upungue. Moto ulipungua kweli, lakini moshi ukaongezeka. Ukawa unachungulia kwenye kila ufa wa jiko.

"Litazoea," alisema seremala.

"Chuma kinazoea nini?" aliuliza mama yake.

Wiki ya pili mteja mmoja alirudisha gauni. Alilinusa mbele ya mshonaji, akasema hawezi kuingia ukumbini akinuka kama samaki wa kubanika. Mshonaji akalifua upya, akalianika nje, akalipiga pasi. Jioni hiyo alikula kidogo.

Bibi Kwanini naye hakutulia. Kesho yake alichukua kipande cha uzi mwepesi, akakishika karibu na mlango wa jiko, jiko likiwa linawaka. Alitaka kujua hewa inakwenda wapi. Uzi uliinama kuelekea chumbani. Alipofungua mlango wa nyumba, uzi ukageuka, ukaelekea ndani ya jiko. Alipoufunga, ukarudi tena.

Mwanawe aliporudi kazini, alimwonyesha.

"Kwa nini uzi unakimbia jiko?"

"Mama, ni uzi tu. Mimi ni fundi, najua nilichofanya."

"Wewe ni fundi wa mbao, mwanangu. Moshi si ubao."

Seremala alivua viatu, akajifanya hakusikia.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha tangu alfajiri. Seremala alikuwa karakana. Bibi Kwanini alikwenda dukani kununua sabuni. Mshonaji alibaki peke yake na kazi ya haraka. Alijaza jiko, akafunga kimlango cha hewa ili kuni zidumu, akafunga na dirisha ili nguo zisilowe.

Bibi aliporudi, alibisha akitania, "Hodi wenye joto." Hakuna aliyemkaribisha. Alimkuta mkwewe ameketi sakafuni, kichwa amekiegemeza kwenye mguu wa cherehani. Macho yalikuwa wazi, lakini mikono haikuwa na nguvu.

"Kichwa, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kinapasuka. Nataka kulala."

"Hulali. Simama."

Bibi alifungua mlango na dirisha. Kisha akamshika mkwewe kwapani, akamkokota hadi barazani kwenye hewa. Mvua iliwapiga wote wawili. Mshonaji akatapika, akaanza kuvuta pumzi ndefu. Jirani mwenye pikipiki ya magurudumu matatu aliwapeleka zahanati.

Muuguzi alimpa mshonaji hewa ya oksijeni. Kisha akamwekea kifaa tumboni, akasikiliza. Bibi Kwanini, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuuliza neno. Alikuwa anamtazama muuguzi usoni.

"Mtoto yupo, moyo unapiga vizuri," alisema muuguzi hatimaye. "Mnapikia nini ndani?"

Walipomweleza, alitikisa kichwa.

"Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi yenye sumu. Haina rangi wala harufu. Huwezi kuiona kama unavyoona moshi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, na pengine haamki. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, kwa sababu inamnyima mtoto hewa pia. Msiwashe tena hilo jiko mpaka fundi wa majiko aliangalie."

Seremala alifika amelowa, vumbi la mbao limeganda nyusini. Alishika mkono wa mkewe. Hakutafuta la kujitetea.

Asubuhi iliyofuata, Bibi Kwanini aliulizia kila duka la vyuma hadi akampata fundi wa majiko. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa makovu madogo ya cheche, na maneno aliyatoa kwa kupima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nina maswali."

"Mangapi?"

"Sijayahesabu."

Fundi alimtazama, akaweka nyundo chini. "Twende nikalione kwanza. Maswali uniulize njiani."

Alipoingia nyumbani, hakuligusa jiko. Alipima chumba kwa hatua: nne huku, tano kule. Akatazama dari, akatoka nje, akatazama paa. Aliporudi, aliomba nyundo na kung'oa bati lililozunguka bomba pale lilipopita ukutani.

"Wewe ni seremala, sivyo? Njoo uone mbao zako."

Seremala, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alisogea. Ubao uliozunguka bomba ulikuwa umegeuka kahawia, na kwenye ukingo ulikuwa mweusi kabisa. Aliugusa, ukavunjika mkononi kama biskuti. Aliunusa. Harufu hiyo aliifahamu.

"Huu ulishaanza kuungua," alisema taratibu.

"Wiki mbili zaidi na nyumba ingewaka," alisema fundi.

Seremala aliketi kwenye kigoda. Alikitazama kile kipande mkononi, kisha akamtazama mama yake. "Ulinionyesha uzi," alisema.

"Nilikuonyesha, lakini hata mimi sikujua maana yake. Fundi, kwa nini uzi ulikimbia jiko?"

"Kwa sababu moshi ulikosa njia," alisema fundi. "Moshi wa moto ni mwepesi, unataka kupanda. Ukipanda kwenye bomba, unavuta hewa mpya iingie ndani ya jiko. Moto unawaka, chumba kinabaki safi. Sasa chukua mpira wa maji, uukunje mara mbili na uubane mdomo. Maji yatatoka?"

"Yatatoka kwa shida."

"Ndivyo mlivyoufanyia moshi. Bomba ni jembamba kuliko mdomo wa jiko, lina kona mbili, na ni fupi. Tena linaishia chini ya paa. Upepo ukipiga ukuta, unausukuma moshi urudi ndani."

"Basi tubadilishe bomba, jiko libaki," alisema seremala. Bado alikuwa analipenda jiko lake.

"Jiko nalo haliwafai. Hapa ni hatua nne kwa tano. Mkilijaza, mnaiva. Ili msiive, mnafunga hewa. Hapo kuni haziwaki, zinafuka tu. Zinatoa ile gesi, na zinaacha masizi yanayonata kama lami ndani ya bomba. Siku moja moto mkali unayafikia hayo masizi, na bomba lote linawaka."

"Kwa hiyo jiko dogo linalowaka vizuri ni bora kuliko kubwa lililobanwa?" aliuliza Bibi Kwanini.

"Umesema yote, mama."

Fundi alikubali kulichukua jiko kubwa kwa ajili ya chuma chake, na kuwapa dogo alilolitengeneza mwenyewe. Lilifika mapajani kwa urefu. Juu lilikuwa na nafasi ya sufuria mbili, na mlango wake ulifunga bila kuacha ufa.

Kazi ilichukua siku mbili. Seremala alikuwa msaidizi, na safari hii alisikiliza. Walijenga jukwaa la matofali sakafuni ili makaa yakidondoka yasikute mbao. Jiko likasogezwa mbali na ukuta, na ukuta nao ukawekewa bati lililoachiwa nafasi nyuma ili hewa ipite.

Bomba jipya lilikuwa la chuma kizito, na upana wake ulilingana na mdomo wa jiko. Lilipanda moja kwa moja, bila kona, hadi kwenye dari. Hapo Bibi Kwanini alipanda ngazi ili aone, mwanawe akiwa ameishika ngazi kwa mikono miwili na wasiwasi mwingi.

"Kwa nini hapa kuna bomba ndani ya bomba?"

"Hapa linapita katikati ya mbao," alisema fundi kutoka juu. "Katikati ya mabomba hayo mawili nimejaza sufu ya mawe, isiyoshika moto. Bomba la nje halipati joto sana. Hata hivyo nimekata mbao zikae mbali nalo. Na huko juu, moshi ukibaki na joto, unaendelea kupanda. Ukipoa, unazubaa na kuacha masizi."

"Na litakwenda mpaka wapi?"

"Litapita mgongo wa paa, lizidi kwa futi mbili au tatu. Huko upepo haurudishi moshi. Juu naweka kofia, mvua isiingie."

Mwisho fundi alitoboa tundu chini ya ukuta, nyuma ya jiko, na kulifunika kwa wavu wa kuzuia panya.

"Baridi itaingia," alisema mshonaji.

"Itaingia kidogo, itakwenda moja kwa moja kwenye moto. Moto unakula hewa, mwanangu. Usipoupa, utakula yako. Hili tundu msilizibe kwa kitambaa hata siku moja."

Kisha aliliangalia rundo la kuni. Akachukua vipande viwili vya mbao vilivyopakwa rangi, mabaki ya karakana.

"Hivi hapana. Rangi ikiungua ni sumu." Akachukua magogo mawili, akayagonganisha. Yalitoa mlio mzito, usio na uhai. "Haya ni mabichi. Pasueni, pangeni chini ya paa, upepo upite. Yakikauka, ncha zitapasuka na mlio utakuwa mkali. Kila mwezi wa baridi, pitisheni brashi ndani ya bomba. Na kichwa kikiwauma wote kwa pamoja, msitafute dawa. Tokeni nje kwanza."

Waliwasha alasiri. Bibi Kwanini aliusogeza uzi mlangoni mwa jiko, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa. Uzi ulinyooka kuelekea motoni. Alitoka nje haraka, akatazama paa. Mwanzoni moshi ulikuwa mweupe, kisha ukawa mwepesi, kisha ukabaki mtetemo tu wa hewa juu ya kofia.

"Umekwenda wapi?" aliuliza.

"Umeungua," alisema fundi. "Kuni kavu zikiwaka vizuri, hata moshi wenyewe huwaka. Unakuwa joto."

Bibi alisimama pale muda mrefu, shingo ameinua, kitenge kikimpepea.

Mtoto alizaliwa katikati ya majira ya baridi, msichana mwenye sauti ya kuita watu wa mbali. Seremala alishapasua kuni za msimu mzima, na kila mwisho wa mwezi alipanda paani na brashi. Nguo za wateja zilining'inia chumba cha mbele zikinukia sabuni tu.

Siku ya saba mkunga alikuja kuwatembelea. Alikuwa ametoka kwenye mvua. Alisimama katikati ya chumba, akavua koti, akanyoosha mgongo kwa raha. Alimtazama mtoto aliyelala, akazitazama kuta zisizo na masizi na gauni la mteja lililokuwa ukutani. Kisha akavuta hewa puani.

"Wengi huku juu nawakuta macho mekundu," alisema. "Nyinyi mnapikia wapi?"

"Hapo hapo nyuma ya mgongo wako," alisema Bibi Kwanini.

Mkunga aligeuka. Jiko lilikuwa linawaka bila kelele, na sufuria ya maji ilikuwa juu yake. Aliinua macho, akalifuata bomba taratibu hadi darini.

"Mama, nina nyumba kumi na mbili za kutembelea katika mlima huu," alisema. "Nieleze."

Bibi Kwanini alimsogezea kigoda.

"Kaa," alisema. "Tuanzie na bomba."