Miti ya Fundi Makoye

Jua lilikuwa linazama machimboni Rwamgasa, Telesphori aliporudi duarani, kwenye shimo lao la dhahabu, kufuata nyundo yake. Yeye ndiye fundi wa matimba, ile miti inayozuia kuta za shimo zisiwaangukie wachimbaji. Chini alikuwepo mdogo wake, Luka, peke yake, akimalizia kujaza mfuko wa mawe.

Miti ya duara lile haikuwa mipya. Na hapa sitamtetea. Aliing'oa kwenye shimo la zamani lililomfukia fundi Makoye, mzee ambaye mwili wake haukupatikana. Kila mchimbaji anajua: matimba ya shimo lililoua hayaguswi, ni jeneza la aliyebaki humo. Wenzake walimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. "Maiti ana haja gani na miti?" Akacheka. Mti mmoja uliobaki akaupeleka kwake, akaufanya boriti ya chumba cha mtoto.

Makoye, enzi zake, ugoro haukumtoka puani, na aligonga kila mti kwa kisogo cha shoka kabla ya mtu kushuka. Mti mzima hulia ko. Uliooza husema du. "Ukisikia du," alikuwa akisema, "usiage. Kimbia." Telesphori hakugonga hata mmoja.

Akainama mdomoni mwa shimo. Harufu ya ugoro ikampiga puani. Luka hanusi ugoro.

Ko... ko...

"Luka, acha kugonga!"

"Si mimi, kaka." Alikuwa ananong'ona. "Kuna mzee hapa. Kanipa mgongo. Anapimapima miti."

Telesphori akamrushia kamba. "Panda. Usimsemeshe. Panda, mdogo wangu!"

Ko...

Du.

Luka alishika kamba. Telesphori alivuta mpaka viganja vikachunika. Miguu ya mdogo wake ilipotoka tu, shimo likajifunga kwa mshindo, vumbi likawafunika wote wawili.

"Mayo wane, mama yangu!" Luka alilia. "Yule mzee, kaka... ameniuliza, mti mmoja uko wapi?"

Telesphori alikwishaanza kukimbia kwenda nyumbani.

Mkewe, Asteria, alikuwa amesimama mlangoni na taa mkononi.

"Afadhali umekuja, Baba Violeth. Kuna mtu yuko juu ya paa. Anagonga, anagonga tu. Na ndani kunanuka ugoro."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala chumbani kwake."

Telesphori alimpita, akashika kitasa cha chumba.

Ikasikika mara moja tu, juu ya kitanda cha Violeth.

Du.