Kura ya Manase

Mimi ni Oliva, mwalimu wa kisomo. Nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, kila Jumatano saa tisa. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Njombe na Makambako. Ni kijiji cha viazi na baridi. Ukija bila sweta, shauri yako!

Jirani yangu ni Lidia. Kwao ni Lugarawa, huko Ludewa. Aliolewa hapa na Manase. Ni mama mpole, lakini gusa habari ya watoto utamjua. Mtoto wao wa mwisho, Lightness, yuko darasa la kwanza. Madirisha ya darasa hilo hayana vioo. Mwezi wa sita upepo unaingia, watoto wanakohoa mpaka unawaonea huruma.

Lidia aligombea kamati ya shule mara mbili, ili madirisha yale yazibwe. Mara mbili alishindwa na Mzee Anselmi. Mzee huyu si mtu mbaya. Ana maksai wa kulimia, na hapa kijijini ni yeye tu. Tatizo lake, vikao vya kamati haendi.

Sasa, tulikuwa tunapigaje kura? Kwa kunyoosha mkono! Anselmi amekaa mbele, anatazama. Nani atathubutu kumnyima, na kesho anataka maksai? Mara ya pili Lidia aligeuka kuangalia nyuma. Mkono wa Manase, mume wake wa ndoa, ulikuwa juu kwa Anselmi.

Lidia hakugomba. Afadhali angegomba. Alipika, akamtengea chakula, akaenda kulala.

Mwaka huu uchaguzi ulipokaribia, nikamuuliza, "Mama Lightness, jina umepeleka?"

"Sigombei, Mwalimu. Kama wa nyumbani kwangu hanitaki, wa nje watanitaka?" Machozi yakamtoka.

"Nani kasema hakutaki? Aliogopa. Tuombe kura ya siri."

"Ndiyo ikoje hiyo?"

"Kila mzazi anapewa karatasi. Anakwenda pembeni peke yake. Anaandika jina la anayemtaka. Jina lake mwenyewe haandiki. Anaikunja, anaitumbukiza kwenye boksi. Halafu kura zinahesabiwa mbele ya wote."

"Na asiyejua kuandika?"

"Anasaidiwa na mtu anayemwamini."

Tulipeleka ombi kwenye mkutano wa wazazi. Wakakubali. Nadhani wengi walikuwa wanalisubiri. Lidia akapeleka jina.

Siku mbili baadaye Manase akaja kwangu, kofia mkononi.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Manase. Kuna nini?"

"Nifundishe kuandika. Lidia asijue."

"Uandike nini?"

"Jina lake." Akatazama chini. "Mkono huu ulimuumiza mke wangu siku ile ya kura, nataka huu huu umwandike. Sasa wanasema nitafute wa kunisaidia kuandika. Nani? Kila mtu hapa ana shamba la kulimiwa. Ninayemwamini ni Lidia tu, na mgombea ndiye huyo huyo!"

Jamani, nilicheka, kisha nikataka kulia. Manase alikuja Jumatano sita. Nyumbani alidai anakwenda kumtazama nguruwe wa binamu yake. Nguruwe gani wa kutazamwa wiki sita?

Siku ya uchaguzi kila mgombea alijieleza. Anselmi alisema, "Mnanifahamu," akakaa. Lidia alisimama.

"Mimi ni Mpangwa, nimeolewa hapa. Nimesoma hadi la saba. Nimegombea mara mbili, nimeshindwa mara mbili. Watoto wangu watatu wamekohoa katika darasa lile. Wenu pia. Vikaoni nitakwenda."

Tukapiga kura. Manase alikaa pembeni mpaka watu wakamtania, "We Manase, unaandika barua?" Jasho lilimtoka, na baridi yote ile!

Mwalimu mkuu alifungua karatasi moja moja, akituonyesha. Moja ilikuwa na herufi kubwa kama viazi, na kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. "Lidia," akasoma. Mimi nilitazama dari.

Anselmi alipata thelathini na tatu. Lidia alipata arobaini na moja.

Kabla ya mwezi wa sita vioo vilikuwa madirishani. Aliyevibeba kutoka barabarani kwa mkokoteni wa maksai ni Anselmi mwenyewe. "Mama mjumbe," alimwambia Lidia, "hata wajukuu zangu wamo humo." Na shamba la Manase alililima kama kawaida. Woga wetu wote ule ulikuwa wa bure!

Juzi nilikuwa kwa Lidia, tunachagua mbegu za viazi. Lightness alikuwa anacheza pale mlangoni, hakohoi. Manase akajikohoza.

"Mama Lightness, siku ile ya kura, nikuambie nilimwandika nani?"

"Usiniambie," Lidia akasema. "Kura ni siri."

Manase akanywea. Lidia akaingia stoo, akatoka na mfuko mtupu wa mbolea, umekunjwa vizuri. Akaukunjua. Ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, juu mpaka chini, kwa herufi kubwa zilizopinda: Lidia, Lidia, Lidia.

"Ila mfuko huu," akamwambia mumewe, "usije ukatia viazi. Huu ni wangu."