Daftari Alilolificha Mwalimu Thadei

Ndugu wananchi wa Rhotia, Karatu na kule uwandani, kaeni vizuri kwenye mabenchi yenu, maana habari hii inamhusu mtu mnayemheshimu: Mwalimu Thadei, yule ambaye hata mbuzi wakimwona kwa mbali waliacha kula maua ya shule.

Jumapili moja ya mwaka sabini na tisa, baada ya ibada, mwalimu alikuwa amekaa uani akimsaidia mkewe Margareth kuchambua maharage. Jua lilikuwa la upole. Mwalimu alikuwa anaeleza kwa mara ya tatu namna bora ya kuchambua maharage, na Margareth alikuwa anaitikia bila kusikiliza, kama wafanyavyo wanandoa waliodumu. Amani tupu.

Lori la mahindi likasimama barabarani. Akashuka binti yao Eliaichi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona katikati ya muhula?"

Eliaichi alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa wale vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu harakaharaka, kwa kuwa taifa lilikuwa na watoto wengi kuliko walimu. Alikuwa amepangiwa shule ndogo ya wafugaji uwandani Olbalbal. Sasa alitoa barua mfukoni. Ijumaa afike kwenye semina ya walimu Karatu, aeleze kwa nini darasa lake limebaki tupu. Asipoeleza vizuri, kazi hana.

"Ulifanya nini?" mama yake akauliza.

"Nilifundisha kutoa, mama! Hesabu za kutoa tu. Nilimwambia mwanafunzi wangu Naisula, baba yako ana ng'ombe kumi na wawili, wakifa watatu wanabaki wangapi? Akanyamaza. Nikarudia, akanitazama kama nimetukana. Nikamchapa viboko viwili." Akaendelea. "Jumamosi ng'ombe watatu wa baba yake wakafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Watatu, mama! Jumatatu nikakuta madawati matupu. Wanasema nimewaua kwa mdomo. Mimi hata sijui kosa langu ni lipi."

Mwalimu Thadei akaokota haragwe bovu, akaliweka kwenye mazuri.

Alijua, ndugu zangu. Alijua kosa lote, kichwa mpaka mkia. Miaka tisa nyuma alifundisha uwandani kulekule, na kwa hesabu ileile aliwachapa watoto muhula mzima, mpaka mzee mmoja alipomhurumia akamweleza. Mfugaji hahesabu ng'ombe wake kwa namba, wala watoto wake. Kutaja idadi yao ni kuwaitia msiba. Anawajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Sasa wewe unawahesabu hadharani, kisha unawaua watatu ubaoni! Thadei aliandika yote katika daftari, kosa na dawa yake, akalifungia ndani ya sanduku la bati chini ya vyeti vya ubatizo.

Kila mwaka wakubwa wa elimu walimwomba azungumze na walimu wenzake juu ya kufundisha watoto wa wafugaji. Kila mwaka alijibu kwa unyenyekevu, "Mimi si msemaji." Mtu huyohuyo aliweza kusema saa nzima paredi kuhusu kucha chafu. Aliogopa jambo moja tu: watu wasije wakajua kwamba Mwalimu Thadei aliwahi kukosea.

"Baba, wewe ulikaa kule," Eliaichi akasema. "Hukuwahi kuona kitu kama hiki?"

"Kila shule ina mambo yake," akajibu, akainuka kwenda kukagua mahindi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Margareth akamfuata shambani.

"Baba Eliaichi, lile daftari lako."

"Lile lina mambo ya kazi."

"Na huyu aliyekaa pale uani analia, ni mambo ya nani?"

Mwalimu akainamia hindi jingine. Jumatatu alikagua mahindi, Jumanne akayakagua tena, Jumatano vilevile. Alhamisi alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena. Ijumaa alipanda gari kwenda Karatu na binti yake, daftari likiwa ndani ya koti, limembana kifuani kama bamba la chuma.

Ukumbini walikaa walimu arobaini. Mbele alikaa afisa, Ndugu Eliapenda, kalamu mkononi. Nyuma kabisa, shuka begani na fimbo magotini, alikaa Ngoitiko, baba yake Naisula, aliyeitwa kama shahidi.

"Huyu mwalimu alihesabu mali yangu, akaiua," Ngoitiko akasema. "Mimi sina maneno mengine."

"Mzee, huo ni ushirikina, siwezi kuuandika," Ndugu Eliapenda akasema. "Binti, nataka sababu ya kitaalamu."

"Sina, Ndugu Afisa. Sijui nilikosea wapi."

"Alifundisha kutoa, akatoa darasa zima!" mwalimu mmoja akapaza sauti. Ukumbi ukacheka. Eliaichi akainamisha kichwa.

"Basi naandika," Ndugu Eliapenda akasema, akafungua kalamu.

Thadei akasimama. Akaketi. Jirani yake akamuuliza kama amekalia msumari. Akasimama tena, akaikung'uta suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa.

"Ngoja usiandike," akasema. Akafungua daftari. "Tarehe kumi na nne Machi, sabini. Leo nimemchapa mtoto tena kwa ujinga. Nimeambiwa ujinga ni wangu."

Kuna waliocheka. Akaendelea kusoma. Alisoma idadi ya viboko. Alisoma maelezo ya yule mzee. Alisoma jinsi alivyomwekea mtoto mawe arobaini ya rangi mbalimbali, akaficha moja, na mtoto akalitaja lililokosekana kabla mwalimu hajakunja ngumi. Na jinsi darasa lile lilivyojifunza kutoa kwa wiki mbili. Alipofika ukurasa wa mwisho hakuna aliyekuwa anacheka. Kalamu ya Ndugu Eliapenda ilikuwa imelala mezani.

Ngoitiko akasimama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Umekaa na hiyo maneno miaka tisa?"

"Nimekaa nayo."

"Basi fimbo iliyompiga Naisula, uliishika wewe."

Thadei akaenda kuliweka daftari mezani kwa afisa.

Ndugu Eliapenda akaichana karatasi yake. Eliaichi atabaki kazini, na daftari litanakiliwa kwa kila shule ya upande ule. Ngoitiko naye akasema atawaambia wazee watoto warudi. "Ila Naisula hayupo. Nimempeleka Oloipiri kwa mjomba wake, pamoja na ng'ombe waliobaki. Huko shule ni mbali, hatasoma tena."

"Ulimpeleka lini, mzee?" Eliaichi akauliza.

"Jumatano."

Eliaichi akageuka kumtazama baba yake, mbele ya walimu wote arobaini.

"Jumapili ulikuwa unajua, baba," akasema.

FUNZO

Walimu, na nyinyi wakunga, mafundi na madereva, sikilizeni. Ukikosea kazini ukajua ulipokosea, waambie wenzako, na uwaambie mapema. Mwalimu Thadei alichekwa kwa dakika tano, kisha watu wakaenda kula wali. Semina ya mwaka uliofuata alisimama wa kwanza, na walimu sita wakasimama nyuma yake na madaftari yao. Aibu aliyoikimbia miaka tisa ilikuwa ndogo kiasi hicho. Lakini alikuwa na siku tatu za kumwokoa mtoto mmoja, akazitumia kukagua mahindi. Naisula hakurudi darasani.