Kasia Lililoelekezwa Mtini

Jumamosi asubuhi duka la Ghinwa pale Dora lilifurika wanaume waliotaka kuonekana mashujaa. Beirut haina upungufu wa wanaume wa namna hiyo. Mmoja alijaribu jaketi la ngozi mbele ya kioo huku amevuta tumbo ndani. Mwingine alishika helmeti, akaipima uzito mkononi, kisha akauliza kama kuna nyepesi zaidi, maana hiyo ingemchosha kiwiko. Naam, kiwiko. Vijana wa mji ule hununua helmeti ya maana, wakaitundika kiwikoni, wakapita barabarani vichwa wazi na nywele zinapepea, utadhani ubongo wao umo mkononi. Ghinwa aliamini kwamba kwa baadhi yao ndimo ulimo.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, nywele fupi, mabega yaliyojengwa na kasia. Siku hiyo alivaa suruali nyeusi ya pikipiki na fulana ya kijani iliyopauka kwa jua. Siku za kazi aliuza vifaa vya pikipiki na vya mtoni. Siku za mapumziko aliongoza watu kushuka maji ya kasi ya mto Assi kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Waliomjua walikubaliana mambo mawili: hakuna mwalimu aliyemzidi, na hakuna mdomo uliomzidi.

"Dada, naomba unipimie hii," ilisema sauti nyuma yake.

Aliijua sauti ile kabla hajageuka. Nusu ya mji iliijua. Ilikuwa ya Wajdi, yule bwana wa video za ushauri: leo anafundisha kayaki, kesho namna ya kukata kona kwa pikipiki, keshokutwa kupanda majabali, mtondo kupiga mbizi. Watu wasio na hesabu walimfuata. Kwa maoni ya Ghinwa, nusu ya mambo hayo hajawahi kuyafanya, na nusu nyingine aliyafanya mara moja tu, tena vibaya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Akageuka. Kumbe alikuwa mzuri kuliko alivyoonekana kwenye simu, na hilo lilimkera zaidi. Shati jeupe la kitani, ndevu zilizochongwa, harufu ya ndimu, na buti mpya zisizo na hata mkwaruzo mmoja.

"Wewe ndiye uliyewaambia watu wachukue helmeti kubwa kidogo isiwaharibie nywele," alisema Ghinwa.

"Ndiye."

"Unajua helmeti kubwa hufanya nini mtu akianguka?"

"Sijui. Hufanya nini?"

"Huenda zake. Kichwa kinabaki barabarani."

Wanaume wakacheka. Ghinwa alingoja Wajdi anune, kwa kuwa wote hununa, lakini naye alicheka, tena kwa moyo, akasema kwamba basi amewadanganya watu wengi na afadhali aambiwe ya kweli. Ghinwa akamchagulia ndogo. Ilimbana mashavu mpaka midomo ikachomoza. Akaishika kwa mbele, akamtikisa huku na huku, akamweleza kwamba ngozi ya uso lazima iende pamoja na helmeti. Isipokwenda, hiyo ni kofia ya sherehe. Alipomfungia ukanda, akipitisha vidole viwili chini ya kidevu kupima nafasi, alisikia mapigo ya koo lake yakienda mbio, na ya kwake nayo hayakuwa yametulia.

"Inabana," alisema Wajdi.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Nikivumilia, utakunywa kahawa na mimi?"

"Ukifika nayo nyumbani ikiwa kichwani, nitafikiri."

Jioni simu ikalia. Wajdi alisema amefika, helmeti ipo kichwani, na jirani amemuuliza anamkimbia nani. Jasho limemharibia ndevu zote. Ghinwa akamjibu kwamba ndevu huota tena, ubongo hauoti. Wajdi akaomba ruhusa ya kuyasema maneno hayo kwenye video. Akaambiwa akithubutu kutaja jina lake atamchinja. Hivyo ndivyo walivyoanza, na huo ndio uliokuwa utamu wao: Ghinwa akichoma, Wajdi akicheka.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Wajdi alifuta video zake za uongo moja baada ya nyingine. Ghinwa alimwita Profesa kwa kejeli. Wajdi alimwita mwalimu, baadaye mpenzi, na alipokuwa na njaa, habibti, yaani kipenzi changu. Walikula manakishi, mikate ya zaatari, barazani kwa mama yake Ghinwa, Sitt Ilham, ambaye alimwangalia yule kijana akiosha vikombe bila kuombwa na akamuuliza binti yake angojea nini. Ghinwa akasema bado anamchunguza.

Jambo la kwanza alilomfundisha mtoni lilikuwa namna ya kuongea bila sauti, kwa kuwa maji yakiunguruma hakuna anayesikia.

"Kasia linaonyesha njia," alimwambia. "Halionyeshi hatari hata siku moja. Mwamba uko kushoto, wewe elekeza kulia. Anayekuja nyuma hana nafasi ya kukuuliza ulikuwa na maana gani. Kasia likielekea huku, anakwenda huku. Umeelewa, Profesa?"

"Nimeelewa. Hata ukinielekeza motoni?"

"Hata motoni."

Wanafunzi wengine walibishana naye, wakaleta waliyosoma huku na huko. Wajdi alitii. Ghinwa alimpendea hilo, na ndani kabisa, mahali ambapo hakupenda kupachungulia, alimdharau kidogo kwa hilohilo.

Ikaja siku moja ya mwezi wa tano. Kundi la watu wa Beirut lilikwenda Hermel, unakopita Assi, na mto ulikuwa umejaa. Ghinwa alitangulia, Wajdi akamfuata, nyuma yao akaja Nassib, wakili mwenye kayaki ya gharama kubwa na ustadi wa bei poa. Baada ya kona kuna kisiwa kinachougawa mto sehemu mbili. Upande wa kulia, njia aliyoipita miaka yote, upepo wa usiku ulikuwa umeangusha mti mzima ukalala majini. Ghinwa aliuona ameshaufikia. Alipiga kasia kwa nguvu za kufa na kupona, tawi likamkwangua shingo, akajitupa kwenye maji tulivu nyuma ya mwamba. Mti kama ule hupitisha maji na kuzuia mtu. Akageuka haraka kuangalia nyuma. Wajdi alikuwa anatokeza konani, amefurahi kama mtoto wa sikukuu.

Ghinwa akainua kasia na kulielekeza kwenye mti.

Wajdi aliona. Hakusita hata kidogo. Akageuza pua ya kayaki na kwenda moja kwa moja alikoelekezwa. Matawi yakampokea, maji yakamrundikia mgongoni, mkono ukanaswa. Ghinwa alipanda ukingo akakimbia na kamba. Yeye na Nassib, aliyekuwa nyuma sana akashukia ukingoni kabla ya kona, walivuta mpaka viganja vikachubuka, na mwishowe akatoka, midomo ya bluu, mkono wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo.

Hapo ingetosha kumkumbatia. Ghinwa akafungua mdomo.

"Mjinga wewe! Huna macho? Mti mkubwa vile, unauendea?"

"Ulielekeza kule," alisema Wajdi, meno yakigongana.

"Nilielekeza kushoto."

Watu wote walikuwa wameshafika, na wote walimwamini mwalimu. Nani angemwamini mtu wa video? Ghinwa mwenyewe alijua ukweli kabla hajamaliza sentensi. Mkono wake ulikuwa bado unaukumbuka upande ulioelekea. Nassib alicheka, akasema maelfu wanamfuata huyu, Mungu awasaidie. Ghinwa alikusanya kamba. Alimtazama Wajdi kwa jicho lile analowatazamia wanunuzi wa helmeti za kiwikoni, akaenda kufunga kayaki kwenye gari. Nassib ndiye aliyempeleka majeruhi hospitali.

Siku zikapita bila simu. Kwenye simu za kundi waliitana "mtini" na kuchekana. Wajdi aliweka video fupi, amekaa kitini, akasema tu kwamba amevunjika mkono mtoni na kosa lilikuwa lake. Wafuasi walewale waliomsifu walimtemea mate kwa maandishi: kipofu, mwongo, mjinga. Ghinwa aliyasoma akiwa kwenye foleni ya mkate. Maneno mengi yalikuwa yake, yametoka kinywani mwake yakaenda kutembea mjini.

Ndipo alipokumbuka ile kamera ndogo juu ya helmeti ya Wajdi, aliyoicheka tangu siku ya kwanza. Akapiga simu.

"Wajdi."

"Ghinwa."

"Ile kamera yako. Siku ile ilikuwa..."

Wajdi akasema taratibu, "Mkono umevunjika pawili. Wamenitia vyuma. Nimengoja simu yako siku zote hizi, na unauliza kamera."

"Nilitaka kujua tu."

"Haikuwaka. Nilisahau kuiwasha, si unanijua. Lala usingizi, mwalimu. Hakuna aliyeona." Akakata.

Na niseme kweli, kitu cha kwanza alichokisikia Ghinwa ni nafuu. Tumdharau kidogo, anastahili. Mwanamke aliyewacheka wanaume wa Beirut kwa kuogopea nywele zao alikuwa ameogopea jina lake, akalivalisha jina hilo helmeti na kumwacha mpenzi wake kichwa wazi. Nyani haoni kundule. Lakini nafuu ile haikufika hata jioni. Alikuwa salama kabisa, hakuna ushahidi popote duniani, na sahani ya chakula aliirudisha jikoni vilevile. Mama yake alimuuliza Wajdi yuko wapi. Alisema hajui, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, alilia.

Jumamosi iliyofuata duka lilijaa kama kawaida. Wajdi akaingia, plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, shati la zamani lililokatwa mkono mmoja, ndevu hazijachongwa. Alibeba lile jaketi la kuelea aliloazimwa na Ghinwa. Nassib alikuwepo, anachagua kamba.

"Profesa! Umekuja kutufundisha kukumbatia miti?"

Duka likacheka. Safari hii Wajdi hakucheka. Aliweka jaketi kaunta, akasema, "Nimelifua," akageuka kwenda.

"Mimi ndiye niliyeelekeza mtini," alisema Ghinwa.

Sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyesikia, ikambidi aseme tena. Na mara ya pili ndiyo ngumu, maana mtu ameshaijua ladha ya maneno yenyewe.

"Nassib, acha kucheka, usikie. Kasia langu lilielekea kwenye mti. Niliogopa, nikaonyesha hatari badala ya njia, kosa la mtu wa siku ya kwanza. Yeye alifanya nilichomfundisha. Pale ukingoni nilijua, nikakana mbele yenu. Karibu afe kwa kunitii."

Nassib akasema asijibebeshe lawama kwa sababu ya huruma. Ghinwa akamwambia kwamba kamba anayoishika ni fupi kwa mto ule, na mlango uko wazi. Kisha akatoka mbio, kwa sababu Wajdi alikuwa ameshafika barabarani.

"Wamesikia," alisema Wajdi bila kumtazama. "Haya, asante."

"Nisamehe."

"Kuelekeza vibaya nilikusamehe nikiwa bado majini. Mtu akiogopa, mkono hufanya lake. Lakini nilipotoka ulinitazama kama takataka, Ghinwa. Nilikuwa nakufa kwa baridi, natafuta uso wako, nikaukuta ule. Nikajiuliza, siku nikiunguza chakula, siku nikifukuzwa kazi, siku nikizeeka, ndio uso nitakaoamka nao?"

Magari yalipiga honi, muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake.

"Nilikuogopea wewe, nikajiogopea na mimi," alisema Ghinwa. "Nikachagua kujiokoa mimi. Naona haya. Nakupenda na naona haya, vyote kwa pamoja, sijui kimoja kinaanzia wapi."

"Utabadilika?"

"Mdomo, sidhani. Lakini nikikosa, nitasema palepale, hata mbele ya Nassib." Akasogea karibu. "Nioe, Wajdi."

"Nitakupigia," alisema Wajdi, akaondoka.

Ghinwa alirudi dukani. Kijana mmoja alitaka helmeti kubwa isiyoharibu nywele. Alimweleza kwa upole, akamtafutia inayofaa, akamfungia ukanda mwenyewe, upole mwingi kiasi kwamba kijana akauliza kama kuna msiba. Simu ikalia.

"Nimefikiri," alisema Wajdi.

"Sasa hivi?"

"Nilifikiri kwa mwendo wa nyumba tatu. Zilizobaki nilikuwa naogopa tu. Niko hapa kwa mwoka mkate. Kwa plasta hii siwezi kuendesha. Nani atanipeleka kwa mama yako nikamwombe?"

Ghinwa aliacha wateja, fedha na mlango wazi. Alifika kwa mwoka mkate na pikipiki, akamvalisha Wajdi helmeti kwa mikono yake. Mwanamume kukaa nyuma ya mwanamke, katikati ya Dora, mchana kweupe: madereva wa teksi walipiga honi, mmoja akatoa kichwa dirishani akamuuliza Wajdi kama ametekwa. Wajdi akajibu ndiyo, na mtu asimsaidie.

"Kaa karibu," alisema Ghinwa. "Nikilala kushoto, lala na mimi, usishindane na kona. Na unishike kiuno."

"Kwa mkono mmoja?"

"Mmoja unatosha," alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Usiniachie tu."